Mtumbwi wa Bwana Shamba

Kwa Bwana Shamba palikuwa na mtumbwi uani, na maji yalikuwa ndani yake. Mgeni akija Bariadi tulimpitisha pale ajionee mwenyewe, maana ukimsimulia tu alidhani unamtania. Ziwa la karibu liko huko Lamadi, mwendo mzuri wa gari, na mtumbwi wenyewe haukuwa na habari na ziwa hilo. Ulinunuliwa Kalemela kwa wavuvi, ukaja juu ya lori la pamba, ukawekwa ndani ya ua wa minyaa kungojea safari ya upande mwingine kabisa: Meatu, kupita Bukundi, kwenye lile ziwa la chumvi ambalo mwaka huu lina maji na mwaka kesho ni vumbi jeupe. Maji yalijazwa ndani yake ili mbao zisikauke zikaachana. Mke wake aliyachota kisimani, akayamimina, ng'ombe wa majirani wakaja wakayanywa, naye akarudi kisimani. Safari yenyewe haikuwa imepangiwa siku.

Nilimfahamu mtu huyu kwa miaka mingi na miaka yote hiyo alinichosha. Nasema hivyo nikiwa nampenda, lakini kuchoka nako kulikuwa kuchoka kweli.

Bwana Shamba ndiyo ilikuwa kazi yake, kuwafundisha watu kilimo cha pamba, na ndilo likawa jina lake. Serikali ilipopunguza wafanyakazi naye alipunguzwa, ila cheo alibaki nacho. Aliendelea kuamka asubuhi, kuvaa soksi ndefu, kuchukua mwavuli na ile kamba yake ya kupimia mistari, na kukagua mashamba ya watu ambao hawakumwita. Hakuweza kulipita shamba la pamba. Siku moja tulikuwa tunakwenda msibani Shishiyu, watu wote kimya, wanawake wameshajifunga khanga viunoni, naye akaingia shambani kwa mfiwa. Alipotoka alimpa mkono wa pole, na mkono ukiwa bado umeshikwa akamwambia, "Mistari yako imepinda."

Nilitamani ardhi inimeze. Mfiwa alimtazama tu. Lakini sisi wengine tuliporudi Bariadi Bwana Shamba alibaki, na tuliambiwa baadaye kwamba siku zote za matanga alikuwa analilimia lile shamba magugu peke yake, maana mwenye nyumba asingeweza kutoka na wageni wamejaa. Ndivyo alivyokuwa. Ukishajiandaa kumkasirikia kwa moyo wote anakufanyia kitu kama hicho, unabaki na hasira zako mkononi hujui pa kuziweka.

Miaka ile ndiyo wanunuzi binafsi walianza kuingia na mizani zao. Zamani chama cha ushirika kilipokea pamba safi huku na pamba fifi kule, na ole wako uchanganye. Hawa wapya walinunua vyote pamoja, alimradi gari lijae. Bwana Shamba alikwenda kusimama kando ya mizani na kuanza kuchambua pamba za watu wengine kwa mikono yake.

"Mzee, sisi tunachukua yote," kijana wa mizani alimwambia.

"Ndiyo maana mtaiharibu."

"Foleni inakungoja, mzee wangu."

"Nao walikosea kuleta uchafu. Wangoje."

Watu walimpigia kelele, akaendelea kuchambua. Jioni ya siku hiyo hiyo alikwenda kwa mwenye lori, mnunuzi yule yule aliyeitwa naye mharibifu mchana, kumwomba ambebee mtumbwi wake mpaka Meatu siku itakapofika. Na mwenye lori akakubali! Sikuelewa wakati ule na sielewi mpaka leo watu walikuwa wanamkubaliaje.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni marobota kwa marobota, suruali za kushona ziliisha, nikawa nakaa barazani na cherehani yangu nikitazama barabara. Bwana Shamba alisimama mbele yangu na kusema, "Fundi, wewe sasa huna kazi." Ilikuwa kweli, na iliniudhi zaidi kwa sababu hiyo. Akaniambia nimshonee tanga.

Nilimwambia turubai la nailoni lingetosha. Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Nimelimisha watu pamba maisha yangu yote, halafu nisafirie nailoni?" Akaleta marekani, nguo nzito ya pamba, sijui aliitoa wapi. Nilishona, akaja akapima kwa ile kamba ya mashamba, akasema pindo limepinda. Nikafumua. Nikashona tena, akasema nyuzi ziko mbali mbali. Nikafumua. Mtu huyu hakuwa amewahi kupanda mtumbwi hata kwa mzaha. Nilimuuliza anajuaje tanga linavyotakiwa kuwa. "Nimeuliza," alinijibu. Kila kitu alikuwa ameuliza. Alipokwenda Kalemela aliwachosha wavuvi mpaka wakamuuzia mtumbwi ili aondoke.

Baada ya tanga ikaja hema. Hema nalo lilitaka mlango, na mlango ukawa ugomvi. Kwanza uwe mbele. Halafu pembeni, kwa sababu upepo wa kule unatoka mashariki. Halafu mbele tena, kwa sababu kuna mtu alimwambia upepo wa kule unageuka. Nikamwambia hema lenyewe linaweza kugeuzwa, si lazima mlango uhame. Akafikiri, akasema, "Shona pembeni." Wakati huo alikuwa ameshanitangaza mtaa mzima kwamba mimi ndiye mwenzake wa safari. Mimi sikuwa nimeulizwa.

Ramani ya ziwa aliichora uani kwa majivu ya jikoni. Hapa Bukundi, hapa mto, hapa tutashusha mtumbwi, hapa tutalala siku ya kwanza, na kule mbali, karibu na mlango wa zizi, aliweka mawe madogo matatu. Mke wake, ambaye sisi wote tulimwita Mayu, yaani mama, aliifagia kila asubuhi. Hakuifagia kwa hasira. Ua ulikuwa unafagiwa asubuhi, na ziwa lilikuwa uani. Bwana Shamba akinywa uji wake anatoka na kopo la majivu na kuichora upya, na kila akiichora ufuko umesogea kidogo, nami natakiwa kuja kuitazama.

"Mwangaluka, Mayu," nilikuwa namsalimu nikiingia.

"Mhola duhu, fundi. Njoo, ziwa lako limehama tena."

Mazoezi tulifanya. Aliniketisha mbele ya mtumbwi, maji ya ng'ombe yamenifika juu ya vifundo vya miguu, akaniwekea kasia mkononi, na tukapiga makasia katikati ya ua wa minyaa, Bariadi, mchana kweupe. Watoto walipanda juu ya banda la kuku ili waone vizuri. Kuna mama alikuja kuazima ungo akasahau alichofuata. Ndama wa jirani aliingiza kichwa katikati yetu kunywa, nikainua kasia nimfukuze, na Bwana Shamba, aliyekuwa mkali kwa kila kitu, akanikamata mkono. "Ndama mwache anywe." Kwa ndama alikuwa hivyo siku zote. Ng'ombe wakubwa aliwafokea.

Yale mawe matatu karibu na zizi ndiyo yaliyokuwa safari yenyewe. Zamani, kabla ya chumvi ya dukani kuenea, vijana wa Kisukuma walikwenda kwa miguu mpaka ziwa lile kuleta chumvi, na aliyerudi nayo hakuitwa tena mtoto. Kaka yake Bwana Shamba alikwenda. Yeye mwenyewe alikuwa bado mwanafunzi, akabaki. Kaka hakurudi. Homa ilimshika kule kule, wenzake wakamzika kwenye kile kituta cha mawe ambacho ziwa likijaa kinakuwa kisiwa na likikauka unakifikia kwa miguu. Bwana Shamba alikuwa ameshazeeka na hakuwa amewahi kukanyaga pale. Hicho ndicho alichotaka. Kupaona kabla hajafa, basi. Kuna siku nilimwambia: kama ni hivyo, si tungoje likauke, twende kwa miguu kama watu? Alitikisa kichwa. "Kwa miguu alikwenda kaka," alisema, na hapo hakutaka nyongeza.

Sasa nifike kwenye lile lililonikondesha.

Watu wa safari ya chumvi walikuwa na desturi. Asubuhi ya kuondoka kila mmoja anaulizwa kama ana kinyongo na mtu. Wanaoondoka wanaulizwa, wanaobaki nyumbani wanaulizwa. Mwenye kinyongo anakisema hadharani kimalizwe, au habebi mzigo. Ziwa, walisema, linamkataa mtu mwenye neno moyoni. Bwana Shamba alikuwa mzee wa kanisa, akisoma somo Jumapili kwa sauti ya kuwaamsha waliolala, na aliniambia wazi kwamba hiyo ni mila tu, yeye haiamini. Kisha aliniuliza.

Ilikuwa msimu wa kwanza tulipofunga mizigo. Lori lilikuwa mlangoni. Madumu ya maji yamejazwa, unga upo, hema na tanga vimekunjwa, mtumbwi umeshamwagwa maji na kupandishwa juu, na vijana waliousukuma bado wanahema. Akaja mbele yangu na mwavuli wake.

"Fundi, una kinyongo na mtu?"

Nilikuwa nimefumua tanga lake mpaka vidole vimevimba. Nilikuwa nimechekwa na mji mzima. Lakini yeye ni mzee, sawa na baba yangu, na kwetu mtu aliyelelewa hamwambii mzee usoni kwamba amemkasirikia. Nikainamisha kichwa.

"Sina, baba."

Alinitazama kwa muda. Akamgeukia dereva. "Shusheni."

Wakashusha. Mayu akachukua ndoo zake na kwenda kisimani.

Msimu uliofuata hivyo hivyo. Safari hii nilikuwa na kinyongo cha kushushiwa mizigo mwaka uliopita, naye akaniuliza, nikasema sina, akasema shusheni. Mwaka mwingine tena. Mnaona mambo? Alinikasirisha kwa kuahirisha, akaahirisha kwa sababu nimekasirika, na mimi nikizidi kumheshimu ndivyo tunavyozidi kubaki. Mwaka mmoja nilikaa wiki nzima nikijituliza, nikasali, nikajiambia mzee wa watu huyu, msamehe. Nikaja asubuhi nikiwa safi kabisa. Nikamkuta ameamua mlango wa hema urudi mbele.

Ndipo zikaja mvua za elinino. Madaraja yalikwenda, pamba ikaoza shambani, watu wakalia. Zilipokoma na barabara zikapitika, habari zikaja kutoka Bukundi kwamba ziwa limejaa kuliko watu wanavyokumbuka na kuna viboko. Bwana Shamba hakulala. Alikuwa ameanza kukohoa kikohozi kile kisichoondoka, na sote tulijua kwamba kama siyo mwaka huo basi. Mayu alinijia barazani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mpeleke, fundi. Hata mkilala njiani, hata mkizama magoti, mpeleke. Mimi nimechoka kuchota maji ya ziwa."

Nikamwahidi. Tukapakia. Mtumbwi juu ya lori, tanga limenyooka pindo, kila kitu kipo. Akaja.

"Fundi, una kinyongo na mtu?"

"Sina, baba," nilisema, na nilitabasamu kabisa.

"Shusheni."

Sikungoja washushe. Nilirudi nyumbani, nikaingia ndani, nikafunga mlango mchana. Tangu siku hiyo nikiuona mwavuli wake barabarani nilikuwa napita nyuma ya maduka. Ziwa lilijaa, likakaa, likaanza kupungua, sisi hao wawili tunakwepana katika mji ambao kila mtu anamwona kila mtu.

Nilikutana naye tena baada ya misimu kadhaa. Sikwenda kwa kutaka. Mayu alituma salamu kwamba mzee hatoki tena kukagua mashamba, na hilo lilinishtua kuliko kama angesema yuko hospitali. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kando ya mtumbwi, soksi zimemshuka, miguu imekuwa vijiti. Mtumbwi ulikuwa na maji. Ndama wawili walikuwa wanakunywa. Na ardhini ramani ilikuwepo, majivu mapya kabisa.

"Ziwa limekauka," nilimwambia. Sikuwa na salamu nyingine.

"Najua. Nimelipunguza." Akaonyesha majivu kwa mwavuli. Kweli alikuwa amelichora dogo. Halafu akaniangalia kwa macho yale yale. "Fundi, una kinyongo na mtu?"

Sijui nini kilinipata. Pengine ilikuwa zile soksi. Nilisikia sauti yangu ikitoka kubwa mpaka ndama wakaruka.

"Ninacho! Ninacho juu yako wewe! Umenifumulisha tanga, umeniaibisha mbele ya watoto, umenishushia mizigo kila mwaka, na ziwa lilipojaa ukaliacha likauke! Ninacho na sitakiacha!"

Mayu alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakuna mtu aliyewahi kumfokea Bwana Shamba katika nyumba ile. Mimi mwenyewe nilikuwa nangoja anifukuze, na ingekuwa haki yake.

Yeye akaanza kujipandisha soksi, moja, halafu nyingine, polepole.

"Mayu," alisema, "tufungie unga. Tunakwenda."

"Na mtumbwi?" nilimuuliza. Sikuwa nimeelewa chochote.

"Ziwa limekauka, fundi. Mtumbwi wa nini?"

Tulikwenda tumekaa juu ya magunia kwenye lori la mnunuzi, na tukashuka tulipoambiwa barabara imeishia. Kutoka hapo tulipata mtu wa Bukundi na punda wake, punda akabeba maji na hema, na Bwana Shamba akatembea. Alitembea kidogo akikaa, akitembea kidogo akikaa, amefungua mwavuli, jua linatupiga kutoka juu na kutoka chini, maana ardhi yote ilikuwa nyeupe. Aliilaumu njia, akamlaumu punda, akanilaumu mimi kwa kutembea upande ambao kivuli hakipo. Nilimjibu kila mara. Nilikuwa nimeshaanza kumjibu na sikuona sababu ya kuacha.

Kituta kilikuwa kidogo. Nilikuwa nimekijenga kichwani miaka yote hiyo kikawa mlima, kumbe ni mawe tu na mti mmoja mkavu. Kaburi lilikuwepo, mawe yamepangwa kwa mikono ya watu, na mengine madogo yameongezwa juu na waliopita baadaye. Nikaanza kusimamisha hema pembeni ili nimwache peke yake. Lakini sehemu ile haina kona ya kujificha, na sauti yake ya kanisani hakuwahi kujifunza kuipunguza.

Alisimama mbele ya mawe, akavua kofia.

"Kaka," alisema. "Asubuhi ile uliniuliza, nikakwambia sina. Nilikuwa nacho."

Akakohoa, akangoja kikohozi kipite.

"Yule ndama alikuwa wangu. Baba alinipa mimi. Ukamchukua ukambadilisha kwa punda wa kubebea chumvi, hukuniuliza. Wewe ni mkubwa, nikaona siwezi kukwambia, nikasema sina, ukaondoka na kinyongo changu mgongoni bila kujua. Ninacho mpaka leo, kaka. Nimekuja kukisema."

Nilisimama na kigingi mkononi. Nilikumbuka kila asubuhi nilipoinamisha kichwa mbele yake nikasema sina, baba, na yeye ananitazama. Alikuwa anamtazama nani? Machozi yalinitoka, nami nikapigilia kigingi kwa nguvu zaidi ya iliyohitajika.

Alikaa pale mpaka jua lilipoanza kulegea. Kisha akaokota gamba la chumvi, akalionja, akakunja uso, akalifunga kwenye leso kwa ajili ya Mayu. Akaja kulizunguka hema.

"Fundi, mlango umeuelekeza kwenye upepo."

"Mara ya mwisho ulisema pembeni."

"Pembeni ya upepo, siyo kwenye upepo."

Nikang'oa vigingi vyote nikaligeuza. Yule mtu wa punda alicheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi niliamka nikamkuta ameshavaa, soksi zimepanda, mwavuli kwapani, anatazama upande wa nyumbani. Alikuwa anahema kwa shida lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala. Alinigeukia.

"Fundi, una kinyongo na mtu?"

"Ninacho, baba."

"Kikubwa?"

"Cha kutosha."

"Vizuri," alisema. "Funga mizigo."